Kitochi cha Sh 35,000 kwenye meza ya kukatia

Nianze na mikono miwili ya kushoto.

Mwishoni mwa Oktoba nilikuwa nakata gauni la mama wa bibi harusi. Satini ya rangi ya damu ya mzee, mita 4, kainunua mwenyewe na kunikabidhi mkononi. Wanaoshona wanajua satini ina uso na mgongo. Si kama kitenge cha wax ambacho rangi imepenya pande zote mbili, ukikosea unakigeuza na maisha yanaendelea. Kawaida mikono naikata pamoja, kitambaa kimekunjwa uso kwa uso, ili mmoja utoke wa kulia na mwingine wa kushoto. Siku ile kitambaa kilibaki chembamba upande mmoja, ikabidi nikate mmoja mmoja. Nikakata wa kwanza. Kabla sijageuza paterni, ile karatasi ya kuchorea mkono, simu ikalia. Mteja katuma picha ya mshono. Nikaweka mkasi, nikaangalia, nikajibu. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa grupu la wazazi wa shule, nikausoma. Nikaona shemeji kaweka status ya safari, nikaifungua. Dakika sita, labda saba. Niliporudi mezani paterni ilikuwa palepale nilipoiacha, nikaizungushia chaki, nikakata.

Kosa nililiona saa tatu usiku, wakati wa kuunganisha. Kitambaa cha rangi ile kilikuwa kimeisha soko zima la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kililetwa na basi kutoka Dar es Salaam, ikanigharimu Sh 52,000 pamoja na nauli ya mzigo, na send-off ilikuwa Ijumaa. Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa umechoka?" Sikuwa nimechoka. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Wiki iliyofuata nikanunua kitochi, simu ndogo ya vitufe. Sasa ni Juni, baridi la Mbeya limekolea na tunashona na masweta mwilini, na nimekitumia miezi saba. Nadhani naweza kukisemea.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, mwaka wa 16 kwenye kazi hii. Chumba changu cha kushonea kipo Soweto, karibu na Mwanjelwa, kina cherehani tatu, ovaloki moja, meza ya kukatia na wanafunzi wawili. Nasema haya ili msomaji ajue napima kitochi kwa kipimo gani. Sikukinunua kwa sababu napenda simu ndogo. Nilikuwa natafuta kitu kitakachonisaidia kukata nguo ya mtu bila kuiharibu. Mshono ukikosea unaufumua, unapoteza uzi na nusu saa. Kitambaa kilichokatwa hakifumuliwi.

Kabla ya hapo nilijaribu mambo mengine. Nilizima mlio na kuigeuza simu kifudifudi kwenye rafu: jicho likawa linaenda rafuni lenyewe, naacha kazi kwenda kuangalia kama kuna kitu, na mara nyingi hakuna. Niliiweka kwenye hali ya ndege: siku hiyohiyo mwenyekiti wa kwaya akanipigia mara tatu kunieleza kwamba sare zimepungua kutoka 24 hadi 21, akanikosa, nami nikawa nimeshakata zote 24. Nilimpa mwanafunzi anishikie, akawa ananitangazia, "Dada, yule wa gauni la kijani anauliza limefikia wapi." Nilipakua programu ya kufunga simu kwa saa kadhaa, lakini namba ya kuifungulia nilikuwa naijua mimi, kwa hiyo nikawa naifungua.

Mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hapahapa mjini, na ndiye aliyenieleza kwamba lile la rafuni limeshachunguzwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Marekani, waliwapa watu maswali ya kupima akili. Wengine simu zao zikiwa mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine zimeachwa chumba kingine. Simu zote zilikuwa kimya. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani. Aliniambia pia kwamba wapo waliorudia jaribio hilo baadaye wasipate jibu lilelile, kwa hiyo silishiki kama Injili. Kwangu mimi ilitosha kujua kwamba lile jicho la kwenda rafuni halikuwa udhaifu wangu peke yangu.

Lakini lililonifungua macho zaidi ni jambo jingine alilonisomea, la mtafiti Sophie Leroy, ambaye mwaka 2009 aliandika juu ya mabaki ya umakini. Ukiiacha kazi katikati ukaenda kwenye nyingine, sehemu ya akili yako hubaki kule ulikotoka. Nikaiona satini yangu palepale. Dakika sita za simu hazikuniharibia kitu. Kilichoniharibia ni namna nilivyorudi: mikono ilifika mezani, akili ikawa bado inafikiria picha ya yule mteja na safari ya shemeji. Tangu hapo sihesabu tena muda ninaotumia kwenye simu. Nahesabu ni mara ngapi nimelazimika kurudi.

Sasa kitochi chenyewe. Nilikinunua kwenye kibanda cha simu upande wa Mwanjelwa, kati ya vile vilivyobanana ambavyo vingi havina hata kibao cha jina. Kijana aliyeniuzia aliniuliza swali moja zuri kuliko yote: "Mama, unataka chenye intaneti au cha kupiga tu?" Kama mnakwenda kununua kwa sababu kama yangu, hilo ndilo swali la kujiuliza, maana siku hizi kuna vitochi vyenye vitufe kabisa lakini ndani vina Facebook, na vipo vilivyouzwa na WhatsApp. Ukinunua cha namna hiyo umehamisha tatizo kwenye kioo kidogo. Nilichukua cha kupiga tu: laini mbili, redio, tochi, vitufe vikubwa. Vilivyokuwa pale vilianzia Sh 28,000 hadi Sh 60,000. Changu kilikuwa Sh 35,000, pamoja na risiti ya mashine na garantii ya mwaka mmoja. Kijana alikiwasha mbele yangu, akaweka laini, akapiga, akapokea, akawasha tochi na redio, ndipo akapokea hela. Laini yangu ilikuwa ile ndogo kabisa, akaipachika kwenye fremu ya plastiki ili ienee. Mdai fremu hiyo palepale, maana bila hiyo laini ndogo inachezacheza na mtandao unapotea.

Chaji: nachaji Jumapili jioni, inanifikisha Ijumaa, na wakati mwingine Jumamosi mchana. Tochi inafaa kutungia uzi kwenye ovaloki umeme ukikatika, ila haitoshi kukatia kitambaa cheusi, msijidanganye. Sauti ya kuongelea ni safi. Cherehani tatu zikinguruma bado nasikia. Menyu ipo kwa Kiswahili.

Redio nilidhani itakuwa adui mwingine. Nimejifunza kuitofautishia kazi. Kushona mistari mirefu ya siketi, kupiga pasi, kukunja mapindo, hizo ni kazi ambazo mikono imeshazizoea, na redio inazisindikiza vizuri hasa asubuhi za baridi. Kupima, kuchora na kukata hakuhitaji redio wala maongezi. Wanafunzi wangu wameshaelewa: futi kamba ikishuka shingoni mwangu kwenda mezani, mmoja wao anazima redio bila kuambiwa.

Hela. Wengi huniuliza hapa, kwa kuwa vianzio vyote vya wateja wangu vinaingia kwa simu. Kitochi hakina shida. M-Pesa ni *150*00# kama kawaida, meseji ya malipo inaingia, unatuma, unanunua umeme wa LUKU na tokeni inakuja kwa meseji. Tena naona salio langu vizuri zaidi kwa sababu hakuna kingine cha kuangalia. Tahadhari moja tu: kitochi hakina alama ya kidole, na ukikiacha wazi kila anayepita anasoma meseji zako za hela. Wekeni namba ya kufungulia siku ileile, na namba ya siri ya M-Pesa isiandikwe popote ndani yake.

Hapa nichukue muda kidogo, maana ndipo mafundi wenzangu wanapokwama: picha za mishono. Siku hizi mteja haji na maelezo, anakuja na picha, na picha iko WhatsApp. Fundi anayesema ameachana na WhatsApp amefunga duka. Nilichofanya ni hiki. Laini ya kazi niliitoa kwenye simu janja nikaiweka kwenye kitochi. WhatsApp ya namba ileile ikabaki kwenye simu janja, maana ikishasajiliwa haihitaji laini iwe ndani. Nilichohitaji ni bando la laini yangu nyingine. Ikitokea WhatsApp ikadai kuhakiki namba upya, zile tarakimu sita zinakuja kwa meseji kwenye kitochi. Halafu simu janja ikabaki nyumbani Ilomba, kabatini, imewashwa. Siileti kazini hata kwenye mkoba. Kwenye WhatsApp ya biashara kuna ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe, nikauandika: "Fundi yupo mezani. Picha nitaziangalia saa moja jioni. Ukiwa na haraka, piga." Ili ujumbe huo ujitume, simu iliyoko nyumbani lazima iwe na bando na data iwe imewashwa, siku bando lilipoisha, watu walinisubiri bure mpaka jioni.

Jioni nikifika nafungua picha zote kwa mpigo, na hapa nilipata faida ambayo sikuitarajia. Kwa kuwa kesho sitakuwa na picha mezani, nalazimika kuichora kwenye daftari: shingo imekaaje, mkono unaanzia wapi, zipu iko ubavuni au mgongoni, bitana inaishia wapi. Ukiichora nguo kwa mkono wako unaigundua siri yake usiku, si saa nne asubuhi mkasi ukiwa hewani. Zamani nilikuwa naiangalia picha mara kumi wakati wa kukata, na kila mara nikitoka kwenye picha napitia mahali pengine kabla ya kurudi. Sasa daftari liko wazi mezani, na daftari halina mlango wa kutokea.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, niseme kweli. Siku ya pili nilipokea simu 19, kwa sababu watu waliozoea kuandika walianza kupiga. Wengi walikuwa wanauliza tu nguo imefikia wapi. Mteja mmoja wa siku nyingi alihisi namdharau, akasema fundi mwingine humjibu papo hapo. Nilimwomba radhi, nikamweleza habari ya satini, akaelewa nusu. Baada ya wiki tatu simu zilishuka hadi sita au saba kwa siku, na huko ndiko zilikobaki. Mtu akilazimika kupiga kwa vocha yake mwenyewe, kwanza anajiuliza kama jambo lake linaweza kusubiri jioni. Na asilimia kubwa linaweza.

Lakini simu ya kupigiwa nayo ni kukatizwa, tena inalia kwa sauti. Kitochi peke yake kisingenisaidia hapo. Dawa yake niliipata kwa mdogo wangu tena. Leroy yuleyule na mwenzake Theresa Glomb walichapisha mwaka 2018 kwamba mtu anayekatizwa akichukua muda mfupi kuandika amefikia wapi na akirudi ataanza na nini, yale mabaki hupungua. Kwangu ni chaki. Simu ikilia, namaliza mkato niliouanza, halafu naandika juu ya paterni maneno mawili: "kulia bado". Au "nyuma bado". Au "ongeza pindo". Ndipo napokea. Sekunde tano. Kama aliyepiga amekata, nampigia. Nikirudi mezani sianzi kukumbuka, nasoma. Kama ningekuwa na maneno hayo juu ya ile paterni mwezi Oktoba, mama yule asingekosa usingizi wiki ya harusi ya mwanawe.

Matokeo. Tangu Novemba sijakata kitambaa vibaya kwa sababu ya kukatizwa. Nimekosea kiuno cha gauni moja, mwezi Februari, kwa kusoma mwandiko wangu vibaya kwenye daftari. Hilo nalibeba mimi, kitochi hakihusiki. Magauni nilikuwa natoa matano kwa wiki, sasa natoa sita hadi saba. Siwezi kusema yote ni kazi ya kitochi, maana mwanafunzi wangu mkubwa naye amekomaa na ananishikia mapindo na ovaloki. Ila najua saa ninayotoka: zamani saa mbili usiku nilikuwa bado nipo mezani, sasa saa kumi na mbili nafunga.

Kasoro zipo na zinaudhi. Majina ya wateja hayakuhama, kwa kuwa yalikuwa yamehifadhiwa kwenye akaunti ya intaneti. Nilikaa Jumapili mbili nayaingiza kwa vitufe, moja moja, na bado wapo wanaonipigia nikiwa siwajui. Meseji zikijaa kitochi kinagoma kupokea mpya, kwa hiyo kila Jumamosi nafuta zile za promosheni ambazo huingia hata usiku wa manane. Chaja iliyokuja nayo ilikufa mwezi wa tatu, nikanunua nyingine Sh 5,000. Herufi za kitufe cha 7 na cha 9 zimeanza kufutika. Na ndani kuna mchezo wa nyoka ambao siwezi kuuondoa. Mwanafunzi wangu mdogo nilimkuta nao mara mbili wakati pasi iko juu ya kitambaa, tukazungumza, yakaisha.

Kuna upungufu mkubwa kuliko huo, nao siwezi kuumaliza. Nikipata kitambaa cha ajabu sokoni mchana, siwezi kumpigia picha mteja nikamuuliza. Nimepoteza oda mbili kwa sababu hiyo, najua kwa hakika, huenda na nyingine nisizozijua. Ndiyo maana nakipa nyota nne kati ya tano.

Dada anayeuza mitumba kwa picha kwenye magrupu asikinunue kwa matumizi ya mchana. Biashara yake iko ndani ya ile simu nyingine. Vivyo hivyo mwenye mgonjwa wa mbali anayehitaji kumwona kwa video. Lakini fundi mwenzangu, seremala anayepima mbao, mwalimu mwenye daftari 80 za kusahihisha, yeyote ambaye kosa lake la dakika moja humgharimu mtu mwingine, namsihi ajaribu mwezi mmoja kabla ya kusema hawezi. Sh 35,000 ni pungufu ya nilicholipia satini ile.

Mama yule alirudi mwezi wa nne, na lesi nyeupe ya kuvaa kwenye ubatizo wa mjukuu. Alipopiga, saa nne asubuhi, nilikuwa katikati ya kipande cha nyuma. Nilikimaliza, nikaandika "mikono bado", nikapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshakata mikono?"

"Bado mama."

"Basi niongezee inchi mbili, ifunike kiwiko. Kanisani kuna baridi."

Nikaandika 2 mbele ya "mikono bado". Akasema, "Ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa, akakata simu.